Kujenga, Kujengewa, Kujijengea

Mwalimu aliyepita chuo cha ualimu Tanzania miaka ya karibuni anazijua kwa moyo hatua za andalio la somo: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari, hitimisho. Kila hatua ina dakika zake, na mbele yake kuna kazi ya mwalimu safu hii, kazi ya mwanafunzi safu ile. Macho yangu hunasa kila mara kwenye hatua ya pili. Maarifa mapya, dakika 20. Maana yake saa mbili na dakika tano maarifa hayakuwapo, na ikifika saa mbili na dakika ishirini na tano yameshawasili, kama gunia lililoshushwa kwenye lori.

Kichekesho ni kwamba fomu hiyo imekuwa ikihudumia mitaala ambayo tangu mwaka 2005 imejinasibisha na nadharia inayokana kabisa habari za kushusha. Nadharia yenyewe husema hivi: maarifa hayahami kutoka kichwa hiki kwenda kile. Kila anayejifunza huyatengeneza mwenyewe, kwa kuunganisha analolikuta na alilokuwa nalo. Kwa Kiswahili haijapata jina moja. Kuna wanaoandika ujengaji maarifa, kuna wanaopendelea nadharia ya ujenzi wa maarifa, na kuna waliochoka wakaandika konstraktivizimu na kuendelea na safari. Sina ugomvi na jina lolote kati ya hayo. Mashaka yangu yako kwenye kitenzi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hakipendi mambo ya jumla jumla. Kinataka kujua nani anatenda, nani anatendewa, na kwa faida ya nani.

Chukua jenga. Katika nyaraka za elimu linatembea kwa sura tatu. Sura ya kwanza: mtaala unaojenga umahiri. Hapa mjenzi ni mtaala. Mwanafunzi hata hatajwi. Akitajwa, ni kiwanja. Sura ya pili ni kujengewa uwezo, kauli ya kutendewa, lugha ya semina. Walimu 40 wa wilaya fulani wamejengewa uwezo kwa siku tatu, wakapewa kalamu na daftari, wakarudi vituoni. Nani aliyejenga? Mwezeshaji. Walimu walikuwa wapi wakati anajenga? Walikaa. Sura ya tatu ni kujijengea maarifa, nayo ndiyo pekee inayosema kile ambacho nadharia inakisema: ji kwa kuwa mtendaji na mtendewa ni mtu mmoja, e kwa kuwa kazi inafanywa kwa faida yake. Herufi tatu tu, nazo ndizo zinazodondoka mara nyingi zaidi njiani, kati ya kitabu cha nadharia na waraka wa serikali.

Nikiri pia kwamba neno jenga lina mzigo wake mtaani. Ukimuuliza mwalimu, "Umeshajenga?" hakuna atakayedhani unauliza habari za nadharia. Atakueleza bei ya saruji, matofali yaliyokwisha kufyatuliwa, na fundi aliyetoroka na malipo ya awali. Kujenga kwa Mtanzania ni kuwa na nyumba, na nyumba ina ramani kabla ya kuwa na msingi. Mawazo ya mtoto hayana ramani iliyochorwa na mtu mwingine. Hata hivyo lugha imekwisha kulizoesha neno hili kazi za akilini: tunajenga hoja, tunajenga tabia, tunajenga picha ya jambo. Kwa hiyo silikatai. Nataka tu lije na viambishi vyake.

Na kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na jambo hili muda mrefu kabla ya nadharia kutufikia. Kitenzi cha zamani ni kufunda. Bado kinaishi kwa kungwi anayemfunda mwali. Kutokana nacho tumepata fundisha, na tumepata funza, ambazo zote zimebeba usababishi ndani yake, yaani kumfanya mtu afundike. Kisha ikaja jifunza. Yeye anayejifunza anajifanyia mwenyewe kile ambacho mwalimu humfanyia mwanafunzi. Hatuna kitenzi kingine cha kawaida cha tendo hilo. Huwezi kulitaja kwa Kiswahili bila kumweka mwenye kujifunza kwenye kiti cha mtendaji. Lakini tusijivune sana: methali ya asiyefunzwa na mamaye inamweka mtoto kwenye kauli ya kutendwa mara mbili, kwanza na mama, halafu na ulimwengu. Lugha huwa na mikono miwili. Ila ule wa ji umekuwa na nguvu nchini mwetu. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa elimu mwaka 1967, kichwa chake kilisimama juu ya ji hiyohiyo: Elimu ya Kujitegemea.

Wenye nadharia nao walikuwa na lugha zao. Jean Piaget na Lev Vygotsky walizaliwa mwaka mmoja, 1896, mmoja Neuchâtel nchini Uswisi, mwingine Orsha katika Belarusi ya leo. Piaget aliandika Kifaransa, lugha ambayo kitenzi chake apprendre hutosha kwa kujifunza na, ukikigeuza kidogo, kwa kufundisha. Vygotsky aliandika Kirusi, na Kirusi kinafanya karibu yale tunayofanya sisi: uchit ni kufundisha, uchitsya ni kujifunza, na ile sya ya mwishoni ni ji yetu iliyohamia upande wa pili wa neno. Zaidi ya hapo alitumia sana neno obuchenie, ambalo ni kufundisha na kujifunza kwa pamoja, tendo moja lenye watu wawili. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika nalo. Huyu ameandika kufundisha, yule ameandika kujifunza, na wasomaji wakapata Vygotsky wawili. Sisi tumelitatua kwa kusema yote mawili kila mara, "ufundishaji na ujifunzaji", hadi limekuwa kama jina la mtu na ubini wake. Linachosha kulisikia, lakini halipotoshi.

Piaget alianza na konokono. Alikuwa mwanabiolojia, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1918 ilihusu viumbe hao, hivyo maneno aliyoyachukua kuelezea akili yalikuwa ya mwili: jinsi kiumbe kinavyopokea chakula na kukigeuza kuwa sehemu yake, na jinsi kiumbe chenyewe kinavyobadilika kutokana na mazingira. Mtoto anayewaita ng'ombe wote "mbwa" kwa kuwa wana miguu minne ameingiza kitu kipya kwenye chumba cha zamani. Siku anapotambua kwamba chumba hakitoshi, anaongeza kingine. Mambo haya mawili yanaitwaje kwa Kiswahili? Waandishi wa saikolojia wamejaribu mengi, baadhi yao wakikimbilia kutohoa tu.

Ajabu ni kwamba jirani zao, wanaisimu, wanayo maneno. Sauti moja inapofananishwa na jirani yake, wanaisimu husema usilimisho, kutokana na kusilimu: mgeni ameingia, amebadili dini. Na neno la kigeni linapovishwa kanzu ya Kiswahili, husema utohozi. Ukitaka kuona fikra za Piaget zikifanya kazi kwa macho, tazama Kiswahili kilivyokitendea kitabu. Kiarabu kilileta kitab, ambamo ki ni sehemu ya neno lenyewe na haina uhusiano wowote na ngeli. Kiswahili kikasikia ki, kikasema huyu namjua, huyu ni ndugu yake kiti na kisu, kikatoa wingi: vitabu. Ndiyo njia ileile iliyotupa vipilefti vya Dar es Salaam. Huko ni kuingiza kipya katika chumba cha zamani, na hakuna kamati iliyokaa kuamua. Lakini Kiswahili nacho kilibadilika. Kilizipokea th, dh na gh za thamani, dhahabu na ghali, kikapanua orodha ya sauti zake kwa sababu orodha ya awali haikutosha. Nikiambiwa nitafute mfano wa kuwafundishia walimu wanafunzi mambo ya Piaget, ng'ombe na mbwa ningewaacha Geneva, alikokuwa Piaget, nikawaletea walimu hao kitabu na dhahabu.

Kwa watoto wenyewe, mtaani, kujifunza kuna majina mengine kabisa. Wanafunzi wanaosema Kiswahili hubukua, hupiga msuli, humeza notisi, na chuo kikuu hudesa. Sikuti hata moja linalofanana na ujenzi. Kumeza ndilo linalokaribia zaidi lugha ya Piaget, isipokuwa linaishia kooni, tumbo halimo. Na mwisho wa kumeza ni siku ya mtihani, ambapo kilichomezwa hutapikwa kikiwa vilevile kilivyoingia, na wanafunzi wenyewe ndio wanaosema hivyo, kwa neno hilo hilo.

Mpaka wa Namanga una kisa chake. Mfumo wa elimu ambao Kenya iliuanzisha nchi nzima Januari 2019, ukachukua nafasi ya ule wa 8-4-4 wa mwaka 1985, huitwa kwa Kiswahili Mtaala wa Umilisi. Tanzania, kwa wazo lilelile, inasema umahiri. Umahiri ni ustadi unaoonekana: fundi mahiri, mshonaji mahiri, ukitaka ushahidi tazama kazi yake. Umilisi una historia nyingine. Katika madarasa ya isimu ndilo neno tulilolichagua kwa dhana ya Noam Chomsky, ule ujuzi wa lugha uliofichika kichwani mwa msemaji, unaotofautishwa na utendaji. Na Chomsky ndiye mtu aliyekaa meza moja na Piaget katika abasia ya Royaumont, karibu na Paris, Oktoba 1975, akimpinga: kwamba mambo ya msingi ya lugha mtoto hayajengi, anazaliwa nayo. Kwa hiyo mtaala wa ujenzi wa maarifa, Nairobi, umebeba bango la mpinzani wa wajenzi. Sidhani kuna mtoto hata mmoja aliyedhurika kwa hilo. Ila mtaala unaodai kupima kile mtoto anachoweza kutenda ungepata raha zaidi na neno umahiri, na huu ni mwaliko wa kirafiki tu kutoka ng'ambo ya mpaka.

Nirudi kwa ndugu zangu wa upande huu, maana nasi tuna vituko. Tunasema ufundishaji unaomlenga mwanafunzi. Kulenga ni kazi ya mwenye manati. Aliyelengwa ni ndege, na sifa kuu ya ndege mzuri wa kulengwa ni kutulia. Tulikusudia kusema mwanafunzi ndiye kiini cha darasa, tukamwacha amesimama mbele ya jiwe. Neno shirikishi, katika mbinu shirikishi, ni afadhali kidogo, ingawa kushirikisha bado ni hisani ya mtu anayemkaribisha mwingine kwenye shughuli yake. Neno ninalolipenda kuliko yote katika orodha ya mbinu hizo ni bungua bongo. Kubungua ni kazi ya mdudu kwenye maharage: anatoboa toka ndani, taratibu, hadi vumbi linatoka. Aliyelitunga alikuwa na sikio. Halina uzuri wa hotelini, lina kazi.

Tatizo gumu zaidi la tafsiri lipo kwa David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross. Mwaka 1976 walichapisha utafiti wa watoto 30, wenye umri wa miaka mitatu, minne na mitano, waliopewa vipande 21 vya mbao wavipange kuwa piramidi kwa msaada wa mtu mzima. Msaada huo ulikuwa na kanuni: mtoto akishindwa, mtu mzima husogea karibu, akifaulu, hurudi nyuma. Wakauita kwa jina la zile nguzo na mbao ambazo mafundi hufunga kuzunguka ukuta unaojengwa. Kamusi zetu zina neno la kitu hicho: jukwaa. Lakini mwambie Mswahili kwamba mwalimu ni jukwaa la mwanafunzi, uone anachokiona. Anaona turubai, viti vya wageni rasmi, mkuu wa mkoa na kipaza sauti. Jukwaa limehamia siasa na muziki, na huko lipo ili aliye juu aonekane. Jukwaa la fundi lipo ili ukuta uonekane, kisha libomolewe na mirunda ipelekwe kwenye nyumba nyingine. Mimi naegemea neno egemeo. Halijatekwa na wanasiasa, na limebeba kitenzi ambacho mtoto mwenyewe ndiye hukitenda: anaegemea, anasimama, anaacha.

Vygotsky alikuwa amekwisha kufariki miaka 42 kabla ya utafiti huo, akiwa na umri wa miaka 37, kwa kifua kikuu. Watu humbambikizia istilahi ya wenzake kwa sababu inakaa vizuri ndani ya ile yake, ya eneo lililo kati ya analoliweza mtoto peke yake na analoliweza akisaidiwa. Kirusi chake kinasema ukuaji ulio karibu zaidi, yaani unaofuata. Kwa Kiswahili nimeona ukuaji wa karibu, na msomaji hana hakika kama ni karibu kwa mahali au ni karibuni kwa wakati. "Eneo la ukuaji unaofuata" ni refu, lakini mwalimu wa darasa la tatu atalielewa bila mwezeshaji.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi na Piaget Geneva kabla ya kwenda Marekani, alibadilisha silabi moja tu ya jina la nadharia ya Piaget akapata yake mwenyewe. Alidai kwamba watu hujenga maarifa vizuri zaidi wanapotengeneza kitu halisi ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Tukitohoa majina yote mawili, wanafunzi wa ualimu watayachanganya hadi kiama. Lakini Kiswahili kina vitenzi viwili tayari. Nyumba hujengwa, chombo cha baharini huundwa. Aliyewahi kuwaona watoto wakiunda gari la waya, lenye usukani mrefu na magurudumu ya vizibo, anajua kuunda ni nini. Piaget apewe ujenzi, Papert apewe uundaji, na mtihani wa saikolojia ya elimu utapungua ugumu.

Kuna jambo ambalo tafsiri nzuri haiwezi kulirekebisha, nalo ni kugeuza nadharia kuwa mbinu. Kusema kwamba mtoto hujijengea maarifa ni kueleza kinachotokea kichwani mwake kila anapojifunza, iwe amekaa kwenye kundi la watu sita na karatasi ya chati, iwe anamsikiliza bibi akisimulia. Hakumaanishi kwamba mwalimu asieleze. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala kali kwamba kumwacha anayeanza agundue mwenyewe kwa mwongozo kiduchu humchosha akili bila faida, na ubishi wake haujaisha. Huku kwetu ubishi huo una sura ya madawati. Darasa lenye watoto 90, makundi 15, mwalimu mmoja: atamsogelea nani, atarudi nyuma kwa nani? Anayemlaumu kwa kusimama ubaoni na kueleza asimame yeye wiki moja.

Wala si kila kukumbuka ni kumeza. Lugha inalijua hilo kuliko semina. Tunasema kukariri kwa dharau, lakini mtoto wa chuo cha Kurani aliyemaliza juzuu tunasema amehifadhi, na wazazi wanachinja mbuzi. Jedwali la kuzidisha linaweza kukaririwa au kuhifadhiwa. Tofauti iko kwenye kile mtoto anachokifanya nalo baadaye.

Kinachobaki ni kosa. Piaget alipokuwa Paris, mwaka 1920 hivi, kazi yake ilikuwa kusahihisha majaribio ya akili ya watoto, na kilichomvuta kilikuwa majibu yasiyo sahihi: aliona watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, kumaanisha nyuma ya kosa kuna fikra yenye utaratibu. Katika Kiswahili hilo lina kikwazo kilicho zaidi ya mbinu. Kosa ni jibu lisilo sahihi, kosa ni hatia ya mahakamani, na kukosa ni kutokupata kitu unachokihitaji. Mtoto anayetoka darasani huulizwa, "Umepata ngapi?" naye hujibu, "Nimepata saba, nimekosa tatu." Hayo matatu yalikuwa mahali fulani, wengine wakayaokota. Kwa hesabu ya zamani ya viboko, kila kukosa kulikuwa pia hatia.

Lakini katika somo la hisabati, kwenye shule zilezile na kwa walimu walewale, kuna maneno mawili yaliyoandikwa ubaoni tangu kabla hatujasikia jina la Piaget: onesha njia. Mtoto aandike alivyoanza, alivyobeba, alivyokopa kwenye makumi, mstari kwa mstari, upande wa kulia wa daftari. Jibu likiwa si lenyewe lakini njia inaeleweka, mwalimu mwenye busara humpa alama za njia, na asiyekuwa nayo huweka mkasi mwekundu. Na yule aliyepata jibu sahihi bila njia huitwa mbele aulizwe, "Umepataje?"